Nani alichora majalada haya? Hayana jina wala sahihi

MwanaMkunazini (Unguja Mjini)

Assalaam alaikum wanabaraza.

Nna sanduku la bati, jeusi, la baharia, kufuli yake imekufa kutu. Lilikuwa la marehemu ami yangu, mdogo wake baba, aliyefanya kazi melini toka mwisho wa miaka ya 60 mpaka miguu ilipomshinda akarudi nyumbani Mkunazini. Wenziwe walikuwa wakirudi na redio na saa za mkono, yeye akirudi na vitabu vya katuni. Bombay, Karachi, Liverpool, popote meli itakapofunga nanga yeye kwanza ataulizia wapi wanauza vitabu vya mtumba. Bibi alikuwa akimtazama anavyovipanga kitandani, anamwambia: "Na huyo aliyevaa chupi juu ya suruali ndiye utakayempelekea posa?"

Ami ameshatangulia, na sanduku nimepewa mie kwa sababu ndiye niliyekuwa nikikaa naye kuvisoma. Nimevihesabu: 63. Vya chini mchwa wameshavila. Vya juu vimesalimika kwa bibi yuleyule, ambaye pamoja na maneno yake yote alikuwa akitia karafuu baina ya kitabu na kitabu ili mende wasisogee. Mende hawakusogea kweli, ila kila karafuu imeacha doa la mafuta, umbo lake lilelile la kimsumari chenye kichwa. Jalada moja la Phantom, yule shujaa wa katuni wa msituni mwenye barakoa, lina doa hilo katikati ya paji la uso, kama mtu wa swala nyingi.

Sasa suala langu. Mwaka jana nilituma picha za majalada kwa duka moja la nje linalonunua vitu hivi mtandaoni. Wakanijibu kuwa michoro haina mwenyewe, kwa hivyo haina bei. Nikawauzia vitabu vinne kwa pesa za sahani nne za biriani. Baada ya miezi miwili nikakiona kimoja (nakijua, kina doa langu la karafuu) kimewekwa kwenye ukurasa wao na jina la mchoraji, bei mara 20. Hasira ya pesa ninayo, sitasema uongo. Lakini kinachoniuma zaidi ni kuwa mtu aliona kitu kwenye picha ya simu ambacho mie sikukiona, na kitabu kile nimelala nacho miaka 30.

Kwa hivyo nauliza: wanajuaje? Jalada halina sahihi, ndani hakuna jina, mchapaji hakuandika chochote. Unatazama nini?

Nielezee matatu yanayonisumbua.

La kwanza ni la Phantom, chapa ya Bombay, vile vitabu viitwavyo Indrajal. Ndani kuna jina la Lee Falk, ambaye ni mtunzi. Aliyechora jalada hatajwi. Phantom yuko juu ya farasi wake mweupe anatoka kichakani jua likizama, na nyuma kuna minazi miwili. Hapo ndipo nilipokwama. Yakhe, hii ni minazi kweli! Makuti ya zamani yamelegea chini, machanga yamesimama katikati, na shina limeinama kisha likajinyanyua, kama minazi ya pwani iliyopigwa na kusi toka michanga. Ninacho kitabu chengine cha huyuhuyu Phantom kilichopigwa chapa Marekani. Humo mnazi ni mwavuli uliopinduliwa na upepo.

La pili ni kile kitabu kidogo cha vita cha Kiingereza, kinaingia mfuko wa koti, ndani cheusi na cheupe, jalada la rangi. Picha inaanza mbele na kumalizikia nyuma. Ndege ya kivita imelala ubavu, unaliona tumbo lake lote na mistari ya mabati yalivyoungwa. Hakuna uso hata mmoja.

La tatu ni la bata. Yule bata mzee tajiri mwenye fimbo na kofia ndefu. Hapa nna kisa. Mie na dada yangu tulikuwa watoto wa skuli ya msingi, Kiingereza hatukijui, lakini tulikuwa tukijua kuwa mabata wa ami ni wa watu wawili au watatu tofauti. Kulikuwa na mabata wa kuchekesha na mabata wa kuchosha. Dada alikuwa akitazama mara moja tu, anasema "huyu siye," anakitupa kitabu pembeni. Ukimuuliza kajuaje, hajui. Hili jalada nilimpelekea juzi, ana miaka 51 sasa, akasema "huyu ndiye."

Ndiye nani?

Dula_Darajani

Mwanangu, uza sanduku lote na karafuu zake, karafuu zina bei ya serikali.

FundiVibao (Chake Chake)

Wa alaikum salaam. Mie ni mtu mzima, naandika kwa kidole kimoja, mtanisamehe.

Nimechora vibao vya maduka miaka 41, hapa Chake na Wete, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kukoroga rangi kwa fundi aliyekuwa akichora mabango ya sinema huko Unguja. Katuni nilizijulia pale. Fundi wangu alikuwa nazo, si za kusoma, za kunakili. Akitaka mtu anayeruka, anatafuta jalada la mtu anayeruka, analipigia miraba kwa penseli, miraba ileile anaipiga kwenye bango, halafu ananiambia "jaza." Kwa hivyo majalada hayo unayoyasema, mwanangu, mengine nimeyapita mraba kwa mraba, na mkono ukimfuata mtu hivyo unamjua zaidi kuliko macho.

Kosa unalolifanya, na kila mtu analifanya, ni kutazama uso. Uso ndio mahali ambapo mchoraji anajichunga. Anajua utatazama pale, basi anavaa nguo za Idi. Na bosi wake naye anatazama palepale, akichukia anamwambia afute. Wewe tazama pale fundi alipochoka.

Nikupe mfano wangu mwenyewe, maana wa kujificha sina. Mie nilikuwa siwezi kuchora mkono wa kushoto. Wa kulia naweza, wa kushoto ukinitoka unakuwa kama guu la kuku. Sasa nenda katazame vibao vyangu vya vinyozi. Kinyozi ameshika mkasi mkono wa kulia, na wa kushoto uko wapi? Uko nyuma ya kichwa cha mteja. Wote! Mpishi wangu wa urojo, mkono wa kushoto uko ndani ya mvuke wa sufuria. Fundi cherehani, mkono uko chini ya kitambaa. Sahihi sikuweka hata siku moja, mwenye duka hataki jina lako kwenye mali yake. Lakini alikuja kijana mmoja kutoka Konde akapita mtaa mzima ananionyesha: hiki chako, hiki chako, hiki si chako. Nikamuuliza kajuaje. "Mzee, watu wako wote wanaficha kitu."

Basi na hao wa majalada wanaficha. Kuna asiyependa miguu, utakuta watu wake wamesimama kwenye majani, kwenye moshi, kwenye maji. Kuna asiyejua masikio, kila mtu anamvika kofia au nywele zinashuka. Na kuna vitu ambavyo mtu anavichora bila kufikiri kwa sababu ameshavichora mara elfu: mkunjo wa shati kwenye kiwiko, moshi, jiwe, jani. Hivyo ndivyo sahihi yake. Moshi mmoja unapanda kama kamba iliyosokotwa, mwengine unapanda kama koliflawa. Mtu habadilishi moshi wake, hakuna anayemwambia abadilishe.

Kwa vitendo sasa. Chukua jalada, ligeuze juu chini. Ukiligeuza, Phantom anaondoka, inabaki rangi na mistari. Tazama kivuli kinaangukia wapi na kina rangi gani, maana wengine kivuli chao ni cheusi, wengine cha zambarau, na yuko mmoja niliyekuwa nikimnakili kivuli chake kila siku kina kijani. Halafu funika uso kwa kidole. Halafu nenda pembe ya chini, upande wa kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi pale ndipo anapomalizia, jioni imeshaingia, brashi imeshachanua. Majani yaliyo pale ni majani ya ukweli.

Mwisho weka karatasi nyembamba ya kunakilia juu yake, upite mistari kwa penseli. Usione haya. Pita mnazi, halafu upite mnazi wa kile chengine. Mkono utakwambia kama ni njia ileile.

Ila rangi usiziamini sana. Mtambo ukikosa wino wa njano siku hiyo, kila mtu anakuwa wa zambarau.

Mnazi wako mie nimeupenda. Aliyeuchora ule ameshawahi kukaa chini yake.

BiMshona_Wete

Mie katuni sizijui, nimeingia kwa sababu nimeona jina la fundi wetu wa vibao, salamu zako fundi, kibao cha duka la mume wangu bado kipo na mkono haujaonekana hadi leo.

Nataka kusema tu kuwa kwenye kofia ni hivyohivyo. Nimeshona kofia za mkono toka niko mwari. Mtu akiniletea kofia kuukuu, kitu cha mwanzo naigeuza nje ndani. Ua la mbele kila mtu analiiga, likitoka ua jipya msikiti mzima wanalivaa. Lakini nyuma, pale uzi unapofungwa na kukatwa, pale kila mmoja ana yake. Marehemu mama akiacha mkia wa uzi kama punje ya mchele. Dada yangu anaukata mpaka kwenye kitambaa. Na vile vijitundu, yupo anayevikaza na yupo anayeviacha vinapumua.

Na jambo jengine, kofia moja si lazima iwe ya mtu mmoja. Mmoja anaichora kwa penseli, mwengine anaishona, na ikichelewa Idi ikifika anapewa wa tatu amalizie juu. Sasa ukiuliza kofia ya nani, nani atajibu? Sijui kama na kwenye hivyo vitabu iko hivyo.

Karatasi_Kuukuu (Kikwajuni)

Bi Mshona, umeingia mlango wa nyuma ukakuta uko sebuleni. Ndivyo ilivyo hasa.

Mie nakusanya hizi toka 1988. Kwenye vitabu vya Marekani, vile vya mashujaa, jalada la mistari lina watu wawili kwa uchache: wa penseli na wa wino. Wa penseli anaweka mwili, wa wino anaweka ngozi. Chukueni kitabu alichozaliwa Spider-Man, Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962. Hadithi ya ndani yote imechorwa na Steve Ditko. Jalada la nje, penseli ni ya Jack Kirby na wino ni wa Ditko. Ditko mwenyewe alikuwa ameshachora jalada lake, wakalikataa. Sasa mtu anayesema "ndani ni wa fulani kwa hivyo na nje ni wake" ameshapotea hapo. Na Fantastic Four namba 1, Novemba 1961, penseli ya Kirby haina mjadala, lakini nani aliyetia wino bado watu wazima wanabishana kama Simba na Yanga.

Kirby unamjua kwa vidole. Ncha za vidole vyake ni za mraba, kama vipande vya sabuni ya kipande, na ngumi inakujia usoni kubwa kuliko kichwa cha mwenye nayo. Akichora nguvu au mlipuko, anajaza vidoti vyeusi vya duara vilivyoshikana kama mayai ya samaki. Ditko vidole vyake vinachanuka na kupinda kila kimoja kivyake, mkono unaongea peke yake.

Na fundi, kwenye suala la uso nakuunga mkono kwa ushahidi. Kirby alipohamia DC, kampuni yenye Superman, mwaka 1970 alipewa kitabu cha Jimmy Olsen, rafiki yake Superman. Wenye kampuni hawakuipenda sura ya Superman aliyoichora, wakawapa watu wengine, Al Plastino na Murphy Anderson, waichore upya. Kwa hivyo unaye Superman mwenye mwili wa mtu mmoja na uso wa mtu mwengine. Ukiutegemea uso, umekwisha.

Hili la masikio na kucha si geni. Karne ya 19 kulikuwa na Mtaliani aliyesomea udaktari, Giovanni Morelli, alikuwa akizunguka kwenye majumba ya picha za zamani, haulizi sura ya Bikira wala malaika, anatazama ndewe za sikio na kucha. Alibadilisha majina ya picha nyingi zilizokuwa zimetundikwa kwa jina la uongo. Kijana wa Konde angepatana naye.

Sasa majalada yako, MwanaMkunazini.

La bata, mpe dada yako mkono. Mabata yale Marekani yalikuwa hayaandikwi jina la mchoraji hata kidogo, ila la Walt Disney, na watoto wakajionea wenyewe kuwa kuna mmoja anayewapita wenziwe. Kwa kuwa hawakumjua jina, wakamwita "mchoraji mzuri wa bata," basi. Miaka mingi. Mpaka karibu na 1960 ndipo baadhi yao walipofanikiwa kulipata jina: Carl Barks. Huyo bata tajiri unayemsema, Scrooge, ni yeye aliyembuni mwaka 1947. Alizaliwa 1901 akafa 2000, na sehemu kubwa ya kazi aliyojulikana nayo aliifanya hajulikani. Sijaliona jalada lako, kwa hivyo sitoi hukumu, lakini dada yako na watoto wale wamesoma chuo kimoja. Tazama macho yanakotazama: bata wa Barks anatazama kitu, kipo, ukifuata jicho unafika. Wengi wa wale wengine macho yao yanatazama hewani.

La ndege, subiri kwanza. Kila anayeona ndege nzuri kwenye vitabu hivyo anasema Ian Kennedy. Na kweli Kennedy, mtu wa Dundee, Uskochi, aliyefariki 2022, alikuwa bingwa wa ndege, na Commando, vile vitabu vidogo vya vita, inatoka Dundee kwa wachapaji D.C. Thomson toka 1961, na kwa miaka mingi haikuandika jina la mtu. Lakini je, chako ni Commando? Maana London kulikuwa na wachapaji Fleetway, vitabu vyao vya vita, War Picture Library, vilitangulia, 1958, nao walikuwa wakiwatumia Wataliani na Wahispania wengi. Hugo Pratt, yule Mtaliani, amefanya kazi pale kabla jina lake halijawa kubwa. Na hata Commando, majalada ya mwanzo mengi ni ya Ken Barr. Kwa hivyo kabla hujatazama bawa, tazama nani kachapa na mwaka gani. Hutafuti mchoraji dunia nzima, unatafuta katika watu kumi waliokuwa wakipanda ngazi za ofisi ileile mwaka uleule. Hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

La Phantom sasa, na hapa ntakwaruzana na fundi kidogo. Indrajal walianza Machi 1964, na majalada mengi ya miaka ya mwanzo yalichorwa kwa rangi na B. Govind. Hilo ni jina la kuanzia. Lakini mnazi hauthibitishi kitu, mzee wangu. Mchoraji anaweza kuwa na picha ya kamera ya mnazi mezani, akaunakili vizuri na hajauona hata mmoja. Wachoraji wote walikuwa na mafaili ya picha zilizokatwa magazetini.

Kuna sehemu mtandaoni inaitwa Grand Comics Database, imeanzishwa 1994, watu wa kujitolea wanaandika kila kitabu: penseli ya nani, wino wa nani, rangi za nani. Mahali wasipokuwa na uhakika wanaweka jina na alama ya kuuliza mbele yake. Ile alama naipenda kuliko majina. Wale jamaa waliokununulia kwa biriani, uliangalia kama waliiweka?

FundiVibao (Chake Chake)

Karatasi, umesema vizuri na umesoma, lakini mnazi siuachii.

Mtu anayenakili picha ya kamera ananakili mnazi mmoja. Mwambie achore wa pili nyuma yake, atachora uleule, au ataugeuza tu. Mwanetu kasema ni miwili. Mwanangu, huo wa pili umekaaje?

Dula_Darajani

Na Sani, gazeti letu la katuni, mbona hamulitaji? Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa. Hao nao walizaliwa mkononi mwa Philip Ndunguru, na alipofariki miaka ya 80 wakaendelea kuchorwa na wengine. Mie nilikuwa mdogo lakini nilijua siku Lodi Lofa alipobadilishiwa mkono. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye njaa, akaanza kutembea kama mtu aliyechorwa.

(Mara ya kwanza nasema la maana humu, msizoee.)

Karatasi_Kuukuu (Kikwajuni)

Dula, hilo la kutembea ni ushahidi bora kuliko nusu ya niliyoyaandika. Msitari unaigika. Mwendo hauigiki.

MwanaMkunazini (Unguja Mjini)

Shikamoo mzee wangu fundi, na shukrani zangu kwenu nyote. Nimekaa na sanduku toka Alkhamisi, mke wangu anasema nimerithi na maradhi.

Kwanza, Karatasi, nimeangalia. Hawakuweka alama ya kuuliza. Wameweka jina tu, kavu, kama wamelitoa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Pili, la ndege. Nimelifungua: si Commando. Ni la London. Kwa hivyo Kennedy nimemrudisha Dundee kwa heshima zote, na nimeanza kuyatazama mawingu badala ya ndege. Mawingu yake yamepakwa kwa brashi kavu, unaziona nywele za brashi. Ninavyo vingine vitatu vya London na kimoja kina mawingu hayohayo, juu ya jangwa, hakuna ndege ndani yake hata moja. Nisingeviweka pamoja abadan.

Tatu, minazi. Fundi, nimeweka karatasi ya kunakilia kama ulivyosema. Nilianza naona haya kweli, mtu mzima na penseli, nikafunga mlango. Wa mbele umeinama kuelekea kulia. Wa nyuma umeinama kuelekea kulia vilevile, lakini kidogo, na kilele chake ni kizima zaidi, kuna makuti mawili tu yaliyolegea. Nikafikiri: ni mchanga. Upepo mmoja, umri mbali. Penseli ilipita ikasita palepale kwenye yote miwili, pale shina linapoacha kuinama na kuanza kunyanyuka. Pana kama goti.

Nikatoa Indrajal zote zilizobaki, saba. Nikatafuta goti. Nimelipata kwenye vinne. Kwenye kimoja si mnazi hata, ni mti mwengine mkubwa wa msituni usio na jina, lakini una goti. Kwenye kimoja ni mguu wa mbele wa farasi! Vitatu havina, miti yake imesimama kama nguzo za umeme.

Lakini sasa nna tatizo jipya. Kimoja katika vile vinne, minazi ni ileile, goti lipo, ila Phantom na farasi si wa mkono ule. Farasi amepakwa rangi nzito, kingo zimekatwa kama kwa wembe, na jua linamuangazia kutoka kushoto wakati minazi inaangaziwa kutoka kulia. Nimewaza ya Bi Mshona: mmoja kaanza, mwengine kamaliza. Au mtu kabandika picha juu ya picha?

Na jambo dogo tu la pembeni: ndani ya vyote nchi ya Phantom inaitwa Denkali. Kwenye kile cha Marekani ni Bengali. Ami alikuwa akisema ni nchi mbili zinazopakana. Nilimuamini.

Karatasi_Kuukuu (Kikwajuni)

Nchi ni moja. Wahindi walibadilisha jina, maana kwao Bengali ni nyumbani kwa watu, huwezi kuliweka pale lile pango la fuvu anamokaa Phantom. Lakini la ami nalipenda zaidi.

Jua mbili kwenye jalada moja: ndiyo, ama mikono miwili, ama mwili umenakiliwa kutoka kisanduku cha ndani ya hadithi ukapandishwa nje, na aliyenakili hakugeuza kivuli. Fungua ndani, mtafute farasi aliyekaa vilevile. Ukimkuta, umejua umbo limetoka wapi. Na kwenye lile goti, fundi, nimenyoosha mikono. Nimeandika daftarini mwangu: "mwenye goti." Tumuite hivyo kwa sasa, Govind tumuwekee alama ya kuuliza mbele mpaka tupate kitu cha kumshikia.

BiMshona_Wete

Mwenye goti! Kama jina la pweza.

FundiVibao (Chake Chake)

Mwanangu, hivyo vinne nataka kuviona kwa macho, picha ya simu inalainisha brashi. Mjukuu wangu anapanda boti Jumamosi anarudi huku, mpe. Vifunge kwa kitambaa cha pamba, usivitie mfuko wa plastiki, vitatoa jasho na kufanya ukungu kabla ya kufika Mkoani. Karafuu usizitoe. Na kile cha farasi mwenye jua lake kiweke juu ya vyote, nitaanza na hicho.